Ukurasa Aliouacha Mama

Daftari lenyewe ni la kurasa 96, la mistari, lile la kawaida linalouzwa katika kila duka la Paya. Jalada lake limechakaa hadi picha iliyokuwapo imebaki kivuli. Kwa miaka mingi lilikaa ndani ya sanduku la bati chumbani kwa nyanya yangu, limefungwa kwa kavera mbili za plastiki, juu ya kavera leso, na juu ya leso Biblia. Mama alianza kuliandika mwaka 2000. Mwaka uliofuata tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nilikuwa na miaka 11.

Nyanya hakunificha kwamba daftari ni langu. Mimi ndiye niliyelikimbia. Nilikuwa nikipita mbele ya mlango wa chumba kile huku nimegeuza uso, maana niliamini kwamba nikiuona mwandiko wa mama nitaisikia na sauti yake, na nikiisikia sauti nitaanza upya kumlilia. Nililifungua mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, na kilichonilazimisha ni ugomvi wa shamba.

Mama alikuwa mchuuzi wa mukene, hawa samaki wadogo wanaoitwa omena ukishavuka upande wa Kenya. Aliwabeba kwa magunia hadi Busia, akavuka mpaka juu ya keria ya baiskeli ya bodaboda. Jina hilo bodaboda, ambalo leo Afrika Mashariki nzima inalitumia, lilizaliwa pale pale, midomoni mwa vijana waliobeba abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Kwa pesa za mukene akanunua kipande cha ardhi kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo halikuwafurahisha wote katika ukoo. Miaka 11 baada ya kumzika, mjomba wangu mmoja akaanza kulima ndani yake, kila msimu hatua mbili tatu zaidi.

Tukaitwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Watu walikaa chini ya mwembe, chungu cha pombe ya malwa katikati, mirija imenyooka kila upande. Kila mzee alikuwa na kumbukumbu yake ya mpaka, na kumbukumbu zote zilielekea upande wa aliyesema kwa sauti kubwa. Nyanya akaninong'oneza: nenda ukalete daftari. Mwalimu mmoja mstaafu akavaa miwani, akasoma kwa Dhopadhola, taratibu, kama anayesoma somo la Jumapili. Shamba la mwanangu linaanzia kwenye mvule uliopigwa na radi, linashuka hadi kichuguu kikubwa, linapinda kushoto hadi njia ya kisimani. Siku ya kupima walikuwapo fulani, fulani na fulani. Wawili kati ya hao watatu walikuwa hai, wamekaa pale pale na mirija yao mdomoni. Wakaitoa. Wakaitikia kwa kichwa. Kesi ikaisha kabla malwa haijapoa.

Usiku ule ndipo nilipoketi na taa ya mafuta nikalisoma lote.

Sikujua wakati huo kwamba daftari kama lile lina jina. Linaitwa kitabu cha kumbukumbu, na akina mama wengi wa Uganda waliandika vya kwao katika miaka ile. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wameunda chama chao cha NACWOLA mwaka 1992 ndio walioibeba kazi hii, wakafundishana wao kwa wao, kijiji hadi kijiji. Mama anaketi na wenzake, anapewa maswali, anayajibu kwa mkono wake. Mtoto alizaliwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa mlangoni? Alitembea lini? Nani walikuwa babu zake? Kwenu mna miiko gani? Unapenda awe mtu wa namna gani? Na chini ya maswali hayo laini kuna mawili magumu ambayo kitabu kinamsogezea mama polepole mpaka ayakabili: umemwambia mtoto kwamba unaumwa? Na ukiondoka, atakaa na nani?

Watu wazima wa Tororo hawahitaji kuelezwa ulikuwa wakati gani. Ugonjwa tuliuita silimu, kwa namna ulivyowakondesha watu. Ng'ambo ya mpaka, baadhi ya Waluo walisema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko, na kwa neno hilo mgonjwa akabebeshwa pia hatia. TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake baada ya kufiwa na mumewe, lilifika Tororo mapema, na wengi walikufa wakiwa wameshikwa mkono kwa sababu yake. Dawa za kupunguza makali zilichelewa. Mwaka 2003 ulianza mradi wa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani, Tororo na Busia, watu wakipita vijijini kwa pikipiki wiki baada ya wiki. Nilipokuwa mvulana nilizisikia pikipiki hizo na nikajifunza kuzichukia, kwa kosa moja tu, la kuja miaka miwili baada ya mama.

Mwaka uliofuata kesi ya shamba nilikuwa Nairobi nikitafuta kazi. Kando ya njia, juu ya turubai, muuza vitabu vya mitumba alikuwa na riwaya moja ya upelelezi isiyo na jalada la nyuma. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna mapenzi ya zamani na riwaya za aina hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa mwaka 1960, Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango, na wengi wetu tulijifunza kukesha kwa sababu yao. Hii ilikuwa ya Msweden, Henning Mankell. Inaanza na wazee wawili, mume na mke, wakulima, wamevamiwa nyumbani kwao usiku wa baridi kali. Bibi anakufa akiwa ametamka neno moja linaloashiria wageni, na neno hilo linatosha kuwasha chuki dhidi ya wakimbizi katika eneo zima. Mpelelezi wake, Kurt Wallander wa mji mdogo wa Ystad, ni mtu aliyechoka, aliyeachwa na mkewe, asiyelala vizuri. Lakini ana tabia moja iliyonishika. Kabla ya kukimbizana na muuaji, anataka kumjua aliyeuawa. Anaingia nyumbani kwa marehemu, anakaa kwenye kiti chake, anafungua makabati, anauliza jirani: huyu alikuwa mtu gani? Alipenda nini? Alificha nini?

Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya na lile daftari.

Mankell alizaliwa Stockholm tarehe 3 Februari 1948. Mama yake aliondoka nyumbani yeye akiwa bado mdogo mno, na hakuonana naye tena mpaka alipokuwa kijana. Baba yake alikuwa hakimu katika mji wa Sveg, ndani kabisa ya misitu ya kaskazini, na familia iliishi ghorofa ya juu ya mahakama ile ile, kwa hiyo mtoto alikua akisikia habari za kesi kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura na fisi. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika. Akiwa na miaka 16 aliacha shule, akawa baharia katika meli za mizigo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1973, na karibu na wakati huo ndipo alipokanyaga Afrika kwa mara ya kwanza, Guinea-Bissau. Kuanzia 1986 aliongoza Teatro Avenida jijini Maputo, Msumbiji ikiwa bado katikati ya vita. Tangu hapo aliishi nusu mwaka kwao na nusu mwaka kwetu, hadi karibu na mwisho wa maisha yake.

Wallander mwenyewe alizaliwa kwa sababu ya safari hizo. Mankell alirudi Sweden akakuta chuki ya rangi imekua wakati hayupo, akatafuta namna ya kuiandika, akaona kwamba mauaji ndiyo kioo kitakachowalazimisha watu wake wajiangalie. Ile riwaya niliyoinunua kwenye turubai, iliyotoka mwaka 1991, ndiyo ya kwanza katika mlolongo huo. Vitabu vyake vikauzwa nakala zaidi ya milioni 40, na jina hilo kubwa akalitumia kama mtu anavyotumia ng'ombe wa kulimia. Alisimama upande wa watoto waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini Msumbiji, akaandika vitabu kuhusu msichana mmoja wao. Alichangia ujenzi wa kijiji cha watoto yatima Chimoio. Mwaka 2010, akiwa na miaka 62, alikuwa ndani ya msafara wa meli uliokuwa ukipeleka misaada Gaza, jeshi la Israeli likauteka baharini na yeye akarudishwa kwao.

Hayo yote ningeyasoma na kupita. Kilichonisimamisha ni kugundua kwamba mwaka 2003 mtu huyu alichapisha kitabu chembamba, mbali kabisa na upelelezi, kiitwacho kwa Kisweden Jag dör, men minnet lever, yaani ninakufa, lakini kumbukumbu inaishi. Kinahusu Uganda. Alikuja huku, akaketi na akina mama waliokuwa wakiandika vitabu vya kumbukumbu, wanawake wa umri wa mama yangu, ugonjwa wa mama yangu.

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa bila kumwambia mtu.

Kulikuwa na uchungu ndani yake, nikiri. Nilijiuliza kwa nini machozi ya kwetu yasikike tu yakishapita kwenye kalamu ya mgeni. Mwanamuziki Philly Lutaaya alikuwa akiishi Sweden, akarudi nyumbani mwaka 1989 kuwaambia Waganda hadharani kwamba ana UKIMWI, akafa Desemba ya mwaka huo huo. Wapo waliomwita mwongo anayetafuta umaarufu. Mwana wetu alitoka Stockholm kuja kutuambia ukweli tukasita kumsikia, na miaka 14 baadaye mzaliwa wa Stockholm akaandika na dunia ikasoma. Bado naamini swali hilo ni la haki. Lakini nilipokipata kitabu na kukisoma, niliona alichokifanya. Hakujaza kurasa kwa mifupa na vilio. Anasimulia jinsi msichana mdogo ambaye mama yake alikuwa akifa alivyomwonyesha mche wa mwembe aliokuwa ameupanda na kuulinda. Mche tu. Na mwishoni akasogea pembeni, akaweka kitabu cha kumbukumbu cha mama mmoja wa Uganda, kwa maneno ya mama huyo mwenyewe, kama alivyomwandikia binti yake. Mankell alizoea kulalamika kwamba watu wa Ulaya wanajua kila kitu kuhusu namna Waafrika wanavyokufa na hawajui lolote kuhusu namna wanavyoishi. Katika kitabu kile alitimiza neno lake.

Daftari la mama yangu nalo limejaa maisha. Ameandika kwamba nilizaliwa alfajiri mvua ikinyesha, na mkunga alilazimika kuwasha moto kwa karatasi za dukani. Ameandika kwamba niliogopa kuku. Kwamba nilipokuwa na miaka minne nilimwambia padre Misa yake ni ndefu. Dhopadhola inachanganyika na Kiswahili cha Busia, na kila Kiswahili kinapoingia najua anazungumzia biashara: huyu ananidai, yule namdai, gunia moja limebaki kwa mama fulani. Orodha ya madeni iko kurasa mbili kabla ya sala anayonitakia. Zamani iliniudhi, siku hizi naisoma kwanza kabla ya sala. Mtu aliyejua kwamba anakufa hakutaka kufa na mukene wa watu.

Lakini kuna ukurasa mmoja. Juu yake ameandika kwa herufi kubwa, na kupigia mstari mara mbili: BABA YAKO. Chini hakuna kitu. Ameruka, akaendelea na ukurasa unaofuata kuhusu shule.

Sijui kama msomaji aliyekua na baba anaweza kuelewa uzito wa karatasi ile. Kwetu Padhola ukoo unatoka kwa baba. Ukiulizwa wewe ni nani, unataja ukoo, na mzee anayekuuliza anajua mara moja akuiteje, akuoze nani na akukataze nani, akuzike wapi. Mimi nikiulizwa nilitaja wa mama, na mzee akanyamaza kidogo. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko kurasa zote zilizoandikwa. Nimeuinua kwenye mwanga wa jua nione kama kuna alama za kalamu iliyobonyeza na kufutwa. Ndiyo, kama Wallander. Hakuna alama.

Mankell naye alifika kwenye kurasa za aina hiyo. Mwaka 2009 alimwandikia Wallander riwaya ya mwisho, na humo mpelelezi aliyetumia maisha yake kukusanya kumbukumbu za wafu anaanza kupoteza za kwake, akili inazimika kama taa inayoishiwa mafuta. Januari 2014 Mankell akaambiwa ana saratani, na tayari imesambaa. Akakaa akaandika kitabu chake mwenyewe cha kumbukumbu, Kvicksand, kikatoka mwaka huo huo. Humo anarudia rudia jambo linaloweza kumshangaza msomaji: shimo la Onkalo kule Ufini, lililokuwa likichimbwa kwenye mwamba ili kufukia taka za nyuklia zitakazobaki na sumu kwa miaka 100,000. Kilichomsumbua ni namna ya kuwaonya watu wa baadaye, ambao hawatajua lugha yetu wala alama zetu. Tutawaachia maandishi gani wayaelewe? Mimi nilipoisoma sehemu hiyo nilimwona mama kwenye kiti chake cha miguu mitatu, akiandika mvule, kichuguu, njia ya kisimani, kwa ajili ya mtu wa miaka 22 ambaye hakuwa amemwona bado. Mankell alifariki Gothenburg tarehe 5 Oktoba 2015, akiwa na miaka 67.

Kuna kisa chake kimoja ninachokipenda kuliko riwaya zake zote. Alikieleza kwenye makala mwaka 2011. Nje ya Teatro Avenida pale Maputo kuna benchi la mawe, mahali pa kupumzikia joto. Siku moja alikuwa amekaa hapo pamoja na wazee wawili. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba alikwenda kumtembelea mzee wa tatu, ambaye alianza kumsimulia kisa cha ajabu cha ujana wake. Kisa kilikuwa kirefu, usiku ukaingia, wakakubaliana aje kesho kusikiliza sehemu iliyobaki. Alipofika kesho yake, mzee alikuwa amekufa. Yule wa pili akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba hiyo si namna nzuri ya kufa, kabla mtu hajamaliza hadithi yake.

Nilipokisoma niliiweka makala chini. Nikamkumbuka mama mkubwa, dada ya mama, aliye hai, mwenye kibanda cha mukene sokoni Busia mpaka leo. Walivuka mpaka pamoja, yeye na mama, kwenye baiskeli mbili zilizofuatana. Kama kuna mtu duniani anayejua kwa nini ukurasa ule ni mtupu, ni yeye. Nilikuwa nimemwona mara mia, kwenye arusi, kwenye matanga, Krismasi, na sikuwa nimewahi kumuuliza. Niliona aibu. Nilidhani kuuliza ni kumshtaki mama.

Nikaenda. Kutoka Paya nilipitia Nagongera hadi Tororo, ule mwamba mkubwa ukiwa mbele yetu njia nzima, kisha taksi ya Busia. Nilifika saa tisa mchana. Nilimkuta anapima mukene kwa mkebe, nikamwamkia, nikaketi juu ya gunia, nikamwonyesha ukurasa. Hajui kusoma vizuri, ila alivitambua vile vistari viwili vya kalamu. Akaufuta mkono kwenye leso kabla ya kuushika.

"Alikuja nao hapa," akasema. "Tulikaa kama hivi. Aliniuliza, dada, niandike nini?"

Akaanza. Wateja walikuja akawahudumia, akarudi pale alipoachia. Alianza mbali, kabla yangu, kabla ya mukene, na mtu mrefu aliyeshuka kwenye garimoshi Tororo na mkoba usio na mzigo. Jua likazama upande wa Uganda. Wenzake wakaanza kufunika bidhaa kwa maturubai, foleni ya malori ikawasha taa, na mgambo wa soko akapita akipiga filimbi.

"Mwanangu, giza limeingia," mama mkubwa akasema, akijinyanyua kwa kushika goti. "Utakosa taksi ya Tororo. Njoo kesho, nitakumalizia."

Nikamwambia, mama mkubwa, siondoki. Nitalala kwako, hata sakafuni.

Akaniangalia, akaangalia daftari mikononi mwangu. Kisha akanipa ndoo nibebe, tukaenda nyumbani kwake, akawasha jiko na kuongeza maji ya chai kwenye sufuria.